Maji ya Kuku wa Mama

Mbooni, 9 Machi 2025

Mumbua mdogo wangu,

Barua hii inakuja na kelele. Sahal, yule dereva wa lori la mbuzi anayetoka kwenu kuja soko la Tawa, amekubali kurudi na tenga lenye mitetea sita na jogoo mmoja. Nimemwonya kwamba akilisimamisha lori juani nitajua. Ni kuku wa Mama, wale wenye kishungi kichwani. Mama ndiye amekutumia.

Najua umerudia kusoma hapo. Rudia tu. Miaka mitano jina lako halikutajwa katika nyumba hii, tangu siku uliyoondoka na Muthama na Mama akaapa kwamba hatakanyaga kwa mtoto aliyeacha chemchemi za Mbooni akaenda kunywa maji ya chumvi. Juzi alikuwa ameketi mlangoni, akawatazama kuku wake, akaniambia, "Mpelekee mwanangu, naye aanze kufuga." Ndivyo alivyosema, sijaongeza neno.

Ndani ya gunia utakuta chombo cha maji. Fundi wa bati wa Tawa amekitengeneza nikiwa nimemsimamia. Juu kuna mkebe wa kujaza, chini kuna sahani, na maji hushuka yenyewe kadiri kuku wanavyokunywa. Usidanganywe na vile vya plastiki, jua la huko litavipasua kabla hujamaliza kuvisifu. Na beseni usithubutu. Kuku ataingia na miguu, atajisaidia humo humo, na vifaranga watazama.

Unijibu kwa barua, si kwa simu. Mtandao wenu ni wa kupandia kilima, na masikio ya Mama siku hizi hayataki simu, lakini akisomewa barua anatulia. Iache dukani kwa Farhiya, Sahal ataichukua hapo.

Dada yako,
Kasiva

*

Tseikuru, 30 Machi 2025

Dada Kasiva,

Kuku saba wamefika wazima, ingawa jogoo alishuka na hasira akamdonoa Sahal kidole. Nililia pale dukani mbele ya watu waliokuja kununua sukari. Farhiya aliniletea kiti, alidhani nimepokea habari ya msiba. Nilipomwambia ni mama yangu amenitumia kuku, akanitazama sana, akasema, "Sasa Mama Kalunde, kwa kuku ndio unalia hivi?"

Hapa msomee Mama polepole. Mama, mtoto wangu ana miaka minne na anaitwa Kalunde, jina lako. Zamu ya jina ilikuwa ya mama yake Muthama, lakini yeye mwenyewe alikubali kupisha. Alisema mtoto akiwa na jina lako huenda siku moja utataka kumwona. Sijakusahau hata siku moja. Nashukuru kwa kuku, na nashukuru zaidi kwa neno lililokuja nao.

Dada, chombo chako cha bati nimekiweka kivulini chini ya paa la banda, juu ya matofali mawili. Farhiya anauza vya plastiki, sahani nyekundu na mkebe mweupe, naye anasema bati litachemsha maji. Nimemjibu kwamba dada yangu ameshakata shauri na habishiwi. Chakula ninawawekea kwenye mfuniko wa sufuria kuukuu. Wanaparua, nusu inaingia mchangani. Nifanyeje?

Mama akiuliza habari za maji, mwambie tunayo. Kuna kisima cha pampu karibu na hapa, hata mtoto anaenda na kurudi.

Mdogo wako,
Mumbua

*

Mbooni, 24 Aprili 2025

Mumbua,

Mfuniko wa sufuria? Wewe unafuga kuku au unafuga siafu?

Fanya hivi. Tafuta kipande cha gata kuukuu, lile la kukinga maji ya mvua paani, kirefu kama mlango. Ziba ncha zote mbili kwa mbao. Juu yake pitisha ufito unaozunguka, ili kuku akitaka kuukalia umtupe chini. Ukingo uwe usawa wa mgongo wa kuku akiwa amesimama. Ukiwa chini ya hapo watamwaga, ukiwa juu ya hapo wale wadogo watalala njaa. Usijaze zaidi ya theluthi. Wasipoenea wote, ongeza cha pili badala ya kuwaacha wapigane, maana mnyonge huwa hafi kwa ugonjwa, anafia pembeni akingoja wenzake washibe. Vifaranga wakitotolewa, panga kokoto safi kwenye sahani ya maji ili wapate kina cha kulowesha mdomo tu.

Chakula ukichanganya mwenyewe, pumba na dagaa na mahindi ya kuvunjwa, tia na chumvi kidogo kama Mama anavyofanya. Wakikosa chumvi wanaanza kunyonyoana manyoya.

Mama alicheka niliposoma habari ya jogoo na kidole cha Sahal. Aliposikia jina la mtoto alisema anataka kumwona. Miguu yake ndiyo inamsumbua, hawezi safari ya huko, kwa hiyo ni wewe utakayekuja. Njoo Agosti shule zikifungwa. Na kama ulivyolelewa, unajua ukipewa kuku na mzazi unarudi kumwona na mtetea wa uzao wa kwanza. Mama ameniagiza nikukumbushe. Anataka kumshika mkononi aone kama kishungi kimetoka vizuri.

Dada yako,
Kasiva

*

Tseikuru, 25 Mei 2025

Dada Kasiva,

Mwambie Mama mitetea wanne wametotoa na nina vifaranga thelathini na mmoja. Wana vishungi vidogo kama vumbi tu kichwani, lakini vipo. Kalunde anawaita kwa majina ya watoto wa Sunday school, na akikosea jina anaomba msamaha kwa kifaranga.

Gata nililipata kwa fundi anayebomoa darasa la zamani. Ufito unazunguka vizuri, jogoo ameanguka mara mbili na sasa anauheshimu. Chakula hakimwagiki tena. Chumvi ninatia kama ulivyosema.

Chombo cha maji nacho kinafanya kazi, ila kimeanza kushika kutu upande wa sahani, na juu ya kutu kuna ukoko mweupe ambao nausugua kila asubuhi. Pengine bati la siku hizi ni jepesi.

Nina jirani hapa aliyeanza kufuga juzi. Vifaranga wake wanakunywa maji kupita kiasi, halafu wanaharisha maji matupu, wanavimba tumbo na kusimama na macho yamefungwa. Amepoteza kadhaa. Ameniuliza nikakosa la kumwambia. Ungekuwa wewe ungemshaurije? Usimsomee Mama hiyo, asije akafikiri ni kwangu.

Mdogo wako,
Mumbua

*

Mbooni, 15 Juni 2025

Mumbua,

Huyo jirani yako ni mvivu, mwambie nimesema mimi. Kifaranga haharishi bure. Jirani huyo anaacha maji ya jana kwenye chombo, anaongeza mapya juu yake, na uchafu unabaki chini. Asugue chombo kwa mchanga na majivu, asuuze, ajaze upya. Na kama wanakunywa sana basi wana kiu, awaongezee chombo cha pili wapate maji tele. Huko kwenu jua si la kuchezea. Kuku anayekatazwa maji ataacha hata kula.

Kwako wewe mambo yapo sawa, na mimi nimefurahi kuliko ninavyoweza kuandika. Nilipomsomea Mama habari ya Kalunde na majina ya Sunday school, alinishika mkono.

Sasa sikiliza. Agosti ni mbali. Huwezi kuja mwezi huu? Panda lori la Sahal, umbebe mtoto na mtetea mmoja kwenye kikapu. Mama amepungua kidogo, si jambo la kukutia hofu, ila anakuulizia kila siku. Anasema, "Mwanangu na kuku wake wako wapi?"

Dada yako,
Kasiva

*

Tseikuru, 6 Julai 2025

Dada,

Mwezi huu sitaweza. Muthama amehama na mbuzi kufuata malisho, na nikiondoka hakuna wa kubaki na nyumba. Halafu mitetea bado ni wadogo mno, safari itawaua. Mwambie Mama anipe muda kidogo wakomae. Mwambie wanaendelea vizuri.

Jirani alifuata ushauri wako. Aliongeza chombo cha pili.

Mumbua

*

Mbooni, 27 Julai 2025

Mumbua,

Huo muda unaouomba mimi sina wa kukupa. Njoo. Hata kama mtetea ni mdogo wa kuingia mfukoni, mlete huyo huyo, Mama hatampima. Akikuona wewe na huyo kuku pamoja ataridhika. Sijui niandike nini zaidi ya hapo. Muthama akikosekana, mwache mama yake alinde nyumba.

Uje na Sahal safari hii hii. Nakuomba, na unajua mimi si mtu wa kukuomba.

Kasiva

*

Tseikuru, 17 Agosti 2025

Dada Kasiva,

Sahal alikuja na barua yako, akaningoja nusu saa nzima, nikamwambia aende. Akauliza kama ninaumwa. Nikasema ndiyo.

Hakuna mtetea wa kuleta. Hakuna hata kuku mmoja. Jirani ni mimi.

Walianza kufa mwanzoni mwa Mei, kabla sijakuandikia ile barua ya vifaranga thelathini na mmoja. Walikuwa thelathini na mmoja kweli, kwa siku tatu. Baadaye nilikuwa nikiamka na kuwatoa bandani kabla Kalunde hajaamka, kisha namwambia wameenda kwa bibi. Nilipopata ushauri wako wa chombo cha pili niliufuata siku hiyo hiyo. Wote waliobaki waliisha katika wiki mbili, na mitetea wakubwa wakafuata. Jogoo ndiye alikuwa wa mwisho. Alikunywa siku nzima mpaka akaanguka kando ya chombo.

Farhiya ndiye aliyejua sababu. Alikuja kunijulia hali, akaona ule ukoko mweupe kwenye bati, akachovya kidole kwenye sahani akaramba. Ilikuwa saa tisa mchana. Akatema. Akaniuliza, "Haya maji umeteka wapi?" Nikasema kwa pampu. Akasema, "Mama Kalunde, sisi ni watu wa mifugo, maji tunayaonja kabla ya mnyama. Haya asubuhi yana chumvi. Mchana jua likishakunywa lake, yanabaki chumvi tupu." Halafu akauliza ninawalisha nini. Nilipomwambia na chakula ninatia chumvi, alikaa chini kwenye tofali. Aliponyanyuka alisema kuku wangenywa maji yale yale ya watu, na kwenye chungu cha udongo chenye mdomo mwembamba, yasipatwe na jua.

Maji ya watu hapa ni ya mchangani, mtoni, tunachimba kwa mikono na punda anabeba. Ni matamu lakini ni kidogo, ya watoto na ya kupikia. Ya pampu ni ya mbuzi, na mbuzi wanayavumilia. Nikaona kuku nao ni mifugo. Ningekuuliza ungenijibu kwa neno moja. Lakini ningekuulizaje bila kuandika neno chumvi, na Mama anasomewa kila barua? Hilo ndilo neno aliloniapia. Sikutaka alisikie kutoka kwangu mwezi ule ule alionisamehe.

Nimetafuta kuku mwenye kishungi kila soko ninaloweza kufika. Nilikuwa tayari kumdanganya Mama kwa kuku wa mtu mwingine. Sikumpata. Ndiyo maana sikuja. Aliniagiza kitu kimoja tu, nami ningesimama mlangoni kwake mikono mitupu, ajue kwamba kila kitu chake kikifika kwangu kinakufa.

Msomee barua hii yote, usiruke. Mwambie alikuwa na haki kuhusu maji. Kama baada ya hapo bado ananitaka, akutajie neno moja tu uniandikie, lolote, hata la kunitukana. Nitapanda lori siku hiyo hiyo.

Mumbua

*

Mbooni, 24 Agosti 2025

Mumbua,

Usingoje neno. Hakuna neno litakalokuja.

Mama hajasema kitu tangu katikati ya Januari. Alianguka jikoni akiwa ameshika mwiko. Upande wote wa kulia umekufa, na ulimi umekwenda nao. Hospitali walimlaza siku tisa wakanirudishia. Haketi mlangoni. Hakucheka habari ya jogoo. Ninapomsomea barua zako anatazama mdomo wangu, na mimi sijui kama anasikia maneno au anaona tu mdomo unacheza.

Kuku nilikutumia mimi, si Mama. Hakuniambia. Miaka ile mitano hakuniagiza lolote kwako, na asubuhi ya siku aliyoanguka nilitaja jina lako akaondoka mezani. Hiyo ndiyo kweli na nilikuwa nimeamua utakufa bila kuijua.

Nilifikiri hivi. Nikikuambia ameanguka, utakuja kwa hofu, utakaa kando ya kitanda cha mtu asiyeweza kukusamehe hata akitaka, na utarudi na hilo maisha yako yote. Nikasema hapana, na aje akiwa ameitwa. Aingie humu akiwa na uso wa mtoto aliyeitwa na mama yake. Ndiyo maana nikakataa simu, ungeomba kuongea naye. Na habari ya mtetea wa uzao wa kwanza niliiweka ili uamini, kwa sababu Mama mwenyewe asingeiacha desturi hiyo ipite. Nilijisifu siku hiyo, nikasema hapo hatanishtukia. Kumbe nilikuwa nakufungia mlango kwa mkono wangu.

Chumvi niliyokuambia utie, na chombo cha pili, na yule jirani niliyemwita mvivu, hayo nayo ni yangu. Niliandika kama mtu aliyewahi kufika Tseikuru. Sijawahi. Hata kuuliza maji yenu yana ladha gani sikuuliza.

Jana daktari alisema tuite watu. Sahal anaondoka Tawa sasa hivi na amekubali kukungoja usiku kucha ikibidi. Njoo bila kitu. Njoo hivyo hivyo ulivyo.

Kasiva

*

Tseikuru, 5 Oktoba 2025

Kasiva,

Muthama amerudi na mbuzi waliobaki. Kalunde hajambo. Nimekaa mwezi mzima bila kukuandikia kwa sababu kila nikianza mkono unataka kukutukana, na mkono mwingine unataka kukushukuru, na karatasi ni moja.

Pale mazishini tulishikana mbele ya watu, kila mtu akasema tazama wale dada wanavyopendana. Ni kweli tunapendana. Lakini hatukuongea, na wewe unajua hatukuongea. Ulikuwa ukinipa kazi ndogondogo, kata vitunguu, hesabu viti, msalimie mchungaji, ili tusibaki wawili chumbani.

Kwa hiyo naandika. Nilimpata Mama siku tatu akiwa hai. Ulinionyesha jinsi ya kumlisha, ukanipa kijiko cha plastiki kwa sababu cha chuma kilimgonga meno, na kikombe cha mtoto chenye mdomo, ukanifundisha niinue kichwa kiasi gani asipaliwe. Ulikuwa umeshajaribu vikombe vingi, niliviona kwenye kabati. Nilielewa hapo kazi uliyoifanya tangu Januari peke yako, huku unaniandikia mizaha ya siafu. Hilo nakushukuru na sitaacha kukushukuru.

Siku ya tatu ulipokwenda kukamua ng'ombe nilimweka Kalunde kitandani. Nikamwambia Mama jina la mtoto, halafu nikamwambia langu. Alinitazama, Kasiva. Kisha akageuza uso ukutani. Uliporudi nilikueleza, nawe ukasema haraka sana kwamba ni mwanga wa dirisha, unamchoma macho saa hizo. Labda ni mwanga. Labda ulikuwa unamsemea tena. Sitajua kamwe, na hiyo ndiyo adhabu niliyorudi nayo, nayo umenipa wewe, kwa sababu nikikumbuka neno lolote la Mama kuanzia sasa itabidi nijiulize ni lake au ni lako.

Ungeniambia Januari ningekuja Januari. Ningekuja mikono mitupu na moyo mtupu na ningekaa naye miezi saba. Angegeuza uso mara mia na pengine mara moja asingegeuza. Ulininyima hiyo mara moja. Nimekasirika sana na nataka ujue bila kupakwa asali.

Lakini na hili nalo nikuambie, kwa sababu sitaki tuishi kwa kufichana tena. Muthama alikuta barua zako za Machi mpaka Julai chini ya godoro, akasema nizichome, ni za uongo. Nimekataa. Nimezisoma jana tena zote. Ninajua ni mwandiko wako, ninajua Mama alikuwa amelala hawezi hata kuniita. Lakini ndizo pekee nilizo nazo ambamo Mama ananiita mwanangu.

Mumbua